Juu ya Kugawa Nafasi kati ya Watu Wasiolingana

Somo la kusomwa nyumbani na katika mkutano wa wainjilisti. Someni kwanza: Matendo ya Mitume 6:1–7, Yakobo 2:1–9, Mambo ya Walawi 19:15.

Mwezi huu tutazame neno moja linalobishaniwa sana katika nchi nyingi, nalo lina mizizi yake ya zamani hata huku kwetu Bukoba na Muleba. Neno lenyewe ni hili: zikiwapo nafasi chache, za shule, au za kazi, au za kuketi barazani, na wazitakao ni wengi, tena hawalingani kwa asili wala kwa mali, je! yafaa zigawanywe kwa kuangalia rangi ya mtu, au kabila, au mkoa, au kwamba ni mwanamume au mwanamke? Au yafaa kila mtu apimwe kwa kazi yake tu, asiulizwe ametoka wapi?

Huko Marekani shauri hili limegombaniwa miaka mingi. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alitoa amri kwamba wenye mikataba na serikali wafanye bidii ili mtu asibaguliwe kazini kwa ajili ya rangi yake. Baadaye vyuo vikuu vingi vikaanza kuitazama rangi ya mwombaji katika kuchagua wanafunzi, ili wazao wa watumwa wasiachwe nje. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilikataza jambo hilo, katika mashauri ya vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina. Na Januari 2025 Rais Donald Trump akaamuru mipango ya namna hiyo iondolewe katika idara za serikali. Wako walioshangilia, na wako walioomboleza. Lakini sisi tusifanye haraka kuwaamua wengine kabla hatujayatazama yaliyo yetu.

1. Rangi tatu na kura tatu

Zamani za Waingereza watu wa Tanganyika walihesabiwa kwa rangi tatu: Wazungu, Waasia na Waafrika. Kila rangi ilikuwa na shule zake. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipewa wajumbe 30 wasio watumishi wa serikali: Wazungu 10, Waasia 10, Waafrika 10. Mtu akitazama namba hizo kwa haraka atasema, Tazama, ni sawa kabisa. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Basi kumi ya hawa na kumi ya wale zilikuwa sawa katika karatasi, lakini katika mizani ya haki hazikuwa sawa hata kidogo.

Hata uchaguzi ulipofanywa, mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alipaswa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Asipotimiza tatu, karatasi yake haikuhesabiwa. Wala si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe katika kazi fulani ya cheo. Mkulima wa mgomba na kahawa asiye na hayo alikaa nje, ijapokuwa rangi yake ilikuwa imetengewa viti. Angalieni neno hili vema, maana tutalirudia: mgawo wa rangi ulimpa nafasi Mwafrika mwenye mali na elimu, nao ukamwacha Mwafrika maskini mlangoni.

Chama cha TANU kilibishana sana mjini Tabora mwezi wa Januari 1958 kama yafaa kuingia katika uchaguzi wa namna ile. Mwisho kilikubali kuingia, kikashinda. Na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru. Oktoba mwaka ule ule wajumbe wengine wa Bunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kwa ukali, akasema kwamba serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali sheria ya kupima uraia kwa rangi. Mwaka 1962 shule za rangi tatu zikaunganishwa kuwa elimu moja.

Lakini huyo huyo Nyerere alikubali kwamba katika kazi za serikali Waafrika watangulizwe kwa muda, kwa sababu walikuwa wamezuiwa zamani. Kisha, Januari 1964, akatangaza kwamba muda huo umekwisha, na tangu sasa raia wote watendewe sawa bila kuangalia rangi. Hapa twajifunza neno la pili. Kumtanguliza aliyezuiwa ni kama dawa. Dawa hupewa mgonjwa kwa kipimo, na kwa siku zake. Haifanywi kuwa chakula cha kila siku.

2. Ukoo na shamba katika Buhaya

Mtu asiseme, Ubaguzi uliletwa na wageni peke yao. Katika Buhaya kabla Wazungu hawajafika walikuwapo Bahinda, watu wa ukoo wa kifalme, na walikuwapo Bairu, watu wa kawaida. Wote walisema lugha moja, walikula ndizi za mgomba mmoja, wala rangi yao haikuwa mbali. Hata hivyo mtoto alipozaliwa mahali pake palikuwa pamekwisha kujulikana.

Tena kulikuwa na desturi ya nyarubanja. Mtawala alimpa ndugu yake au mpendwa wake eneo la ardhi pamoja na watu waliokaa ndani yake. Watu wale, ambao babu zao walilima pale na kuzikwa pale, wakawa watwarwa, yaani wapangaji katika migomba yao wenyewe. Wakatoa kodi, na siku za kazi, na rubisi, na sehemu ya mavuno. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, desturi hiyo ilizidi kuwa nzito, maana ardhi sasa ilikuwa na bei. Baada ya uhuru utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na nyarubanja ikavunjwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Kwa nini twayakumbuka hayo? Kwa sababu yanatuonyesha kwamba watu wa rangi moja na kabila moja waweza kutengwa kwa mali kama vile wengine wanavyotengwa kwa rangi. Atakayeondoa ubaguzi wa rangi, akauacha ule wa mali, amefunga dirisha moja huku mlango u wazi.

3. Mgawo wa mikoa

Sasa tuje kwenye neno lililowagusa wazazi wengi wa huku. Elimu ya kizungu ilifika mapema katika Buhaya. Mapadre Wakatoliki walikaa Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Bethel walifika mwaka 1910, wakawakuta Wakristo Wahaya waliokwisha kuipokea Injili huko Uganda. Shule zikajengwa, na fedha za kahawa zikalipa ada. Ndivyo ilivyokuwa hata uhuru ulipofika watoto wa Bukoba, pamoja na wa Kilimanjaro na wa Rungwe, wakawa wengi katika shule za sekondari na katika ofisi kuliko wenzao wa mikoa mingine. Hawakuwa na akili kupita mtoto wa Lindi au wa Singida. Walikuwa wametangulia kufunguliwa mlango.

Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule za misioni zilizokuwa zikipata msaada wake. Kisha, katika miaka ya 1970, ikaweka mgawo: kila mkoa upewe sehemu yake ya nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali. Kwa hiyo mtoto wa mkoa uliotangulia aliweza kukosa nafasi ijapokuwa alama zake zilimpita mtoto wa mkoa mwingine aliyepata. Wazazi wa Kagera na wa Kilimanjaro walinung'unika. Kisha wakachanga fedha, wakajenga shule zao wenyewe na za makanisa, nazo ziliongezeka sana katika miaka ya 1980.

Tuwe wenye haki kwa pande zote mbili. Mgawo ule ulikuwa na sababu ya kweli. Nchi changa isingeweza kukaa kwa amani kama madaktari, mahakimu na wakuu wote wangetoka pande tatu tu. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wametuonyesha kwa machozi mengi uchungu unaokua pale kundi moja linapoonekana kushika elimu na cheo. Nasi twaweza kumshukuru Mungu kwamba leo Mtanzania husafiri toka Bukoba mpaka Mtwara asiulizwe kabila lake.

Lakini mgawo ule ulikuwa na upofu wake. Ulitazama jina la mkoa, haukutazama hali ya mtoto. Mtoto wa mkubwa wa serikali aliyesoma katika mkoa uliobaki nyuma alihesabiwa kuwa maskini. Mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Goziba au Ikuza, aliyesoma bila dawati wala kitabu, alihesabiwa kuwa mtajiri kwa sababu alikuwa wa Kagera. Tena majina hayabadiliki upesi kama mambo yanavyobadilika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa huu, na vita ikaharibu mali ya wengi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika nchi yetu walipatikana Kagera, na baada ya miaka michache zikawapo nyumba ambazo bibi mzee alibaki na wajukuu sita. Bei ya kahawa ilianguka. Migomba ikapatwa na mnyauko. Hata hivyo watu wa mbali waliendelea kusema, Hao wa Bukoba wana vyao. Wahenga walisema, Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Yatima wa Nshamba hakushiba kwa sababu mtu wa kijiji chake alikwenda Makerere mwaka 1950.

4. Neno la wapingao na neno la watetezi

Wako wasemao, Alama ziseme peke yake. Mwenye kushinda apewe. Neno hili lina uzuri wake, maana lafunga mlango wa upendeleo na wa rushwa. Lakini tuulize: alama zimepatikanaje? Msichana ambaye kabla ya shule ameteka maji, na baada ya shule amepika na kubeba mdogo wake, akipata alama 60, na mvulana mwenye taa, meza na mwalimu wa jioni akipata 65, ni nani aliyekimbia mbio ndefu zaidi? Kwa sababu hii Makerere iliwaongezea wasichana waombaji pointi moja na nusu tangu mwaka 1990. Hata katika nchi yetu wasichana waliwahi kuchaguliwa kwenda sekondari kwa alama za chini kidogo kuliko za wavulana.

Wako wengine wasemao, Kila kundi lipewe sehemu yake, basi haki imetimia. Hawa nao wana neno la kweli, maana asiyekuwapo na lake halipo. Shirikisho la Walutheri Duniani linaijua kweli hiyo. Lilipokutana Dar es Salaam mwaka 1977 lilitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe, wala si la siasa tu. Katika mkutano ule ule lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza katika kiti kile. Mwaka 1984, huko Budapest, likasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yaliyokataa kuacha ubaguzi. Na leo kanuni yake ni kwamba katika mikutano yake wanawake wasipungue asilimia 40, wala wanaume asilimia 40, na vijana wasipungue asilimia 20.

Lakini walio wa upande huu nao waulizwe: katika kila kundi, ni nani apataye? Mkijaza baraza kwa wanawake, na wote wakawa wake wa matajiri wa mjini, je! mama alimaye kwa kibarua kijijini Ihangiro amesemewa? Mkimleta mtu mmoja wa kila ukoo, na wote wakawa wenye maduka, mmekusanya koo nyingi na tabaka moja. Huo ndio upungufu wa mipango mingi ya siku hizi, huku kwetu na ng'ambo: yapenda kuonyesha nyuso za namna nyingi mezani, lakini haiulizi ni nani asiye na chakula nyumbani.

Basi mgawo wa kundi na msaada kwa maskini si vitu vinavyopigana, ila si kitu kimoja. Wa kwanza wajibu swali, Ni nani waliofungiwa mlango kwa sababu ya jinsi walivyozaliwa? Wa pili wajibu swali, Ni nani asiyeweza kulipa nauli ya kuufikia mlango, hata ukiwa wazi? Serikali yetu leo hutumia njia zote mbili. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Huo ni mgawo wa kundi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, huuliza juu ya uyatima, ulemavu na umaskini wa nyumbani. Huko ni kuitazama hali. Na tangu mwaka 2016 ada za shule za serikali ziliondolewa mpaka kidato cha nne, ambayo ni njia ya tatu: kuupanua mlango wenyewe, ili watu wasigombanie upenyo.

5. Wajane wa Yerusalemu

Sasa rudini katika Matendo 6. Wakristo wenye kusema Kiyunani walinung'unika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalieni mambo manne.

Kwanza, mitume hawakuwakemea wanung'unikao. Hawakusema, Sisi sote ni ndugu, msitaje habari za lugha. Walikubali kwamba kosa lipo, na kwamba lafuata mpaka wa lugha.

Pili, waliosahauliwa walikuwa wajane. Chakula hakikugawiwa kila msemaji wa Kiyunani, tajiri kwa maskini. Kilipelekwa kwa mwenye uhitaji ndani ya kundi lililosahauliwa. Hapo kundi na hali vilitazamwa pamoja.

Tatu, watu saba waliochaguliwa, Stefano na Filipo na wenzao, wote wana majina ya Kiyunani. Waliokuwa wamenyimwa ndio waliokabidhiwa kugawa.

Nne, sifa hazikushushwa. Walitakiwa wawe wenye kushuhudiwa wema, wamejaa Roho na hekima. Kanisa halikuchagua mtu asiyefaa kwa sababu ya lugha yake. Lilitafuta afaaye mahali ambapo halikuzoea kutafuta.

Pamoja na hayo Mambo ya Walawi yatuonya sisi tutoao hukumu: tusimpendelee mnyonge kwa unyonge wake, wala tusimheshimu mkubwa kwa ukubwa wake. Huruma haina ruhusa ya kusema uongo barazani.

6. Yatupasayo katika usharika

Tuseme usharika una fedha za kusomesha watoto 3, na walioomba ni 20. Mwinjilisti ndiye aandikaye majina. Kwa hiyo kalamu yake ni kama kijiko cha kupakulia. Afanyeje?

Asianze na ukoo, wala na michango ya baba kanisani. Aulize kwanza ni watoto gani ambao majina yao hayajaletwa kabisa: wa visiwani, wa kambi za wavuvi, wa vibarua waliotoka Rwanda na Burundi, mlemavu aliyefichwa ndani. Kisha atazame uhitaji wa kila nyumba kwa kuifikia, si kwa kusikia. Kisha atazame bidii ya mtoto kwa kuipima na mzigo aliochukua. Baraza la wazee liandike sababu za kila uchaguzi, na sababu hizo zisomwe mbele ya watu, ili aliyekosa ajue kwa nini amekosa. Mzazi ambaye mtoto wake ana alama za juu naye amekosa asidharauliwe. Huzuni yake ni ya kweli, na yampasa ajibiwe kwa heshima. Wala aliyepata kwa msaada asitajwe kila Jumapili kama mtu wa kuhurumiwa, maana kumpa mtu nafasi na kumwaibisha ni kutoa kwa mkono wa kuume na kunyang'anya kwa wa kushoto.

Na kila baada ya miaka michache baraza liulize tena, Waliokuwa nyuma wakati ule, je! wangali nyuma? Kama wamefika, nafasi ziende kwa wengine. Tusiwahesabu watu wa leo kwa daftari la jana.

Maswali ya kuulizana

1. Kwa nini viti 10 kwa kila rangi mwaka 1955 havikuwa haki, ijapokuwa namba zililingana?
2. Nyarubanja yatufundisha nini juu ya ubaguzi kati ya watu wa kabila moja?
3. Mgawo wa mikoa ulitengeneza nini, nao ulisahau nani?
4. Katika Matendo 6, onyesheni kundi lililosahauliwa, uhitaji wao, na sifa za waliochaguliwa.
5. Tajeni watu katika usharika wenu ambao hawajapata kuketi katika baraza lo lote. Ni nini kiwazuiacho?

Wainjilisti walijibu swali la tano kwa maandishi, na majibu yasomwe katika mkutano wa wazee wa usharika kabla ya kuchagua wajumbe wapya.